Nilimshuku Shemeji, Kumbe Pampu

Ndugu msomaji, yako makosa ambayo mtu huyatenda barabarani, askari wa usalama akamwandikia faini, akailipa, yakaisha. Yako na mengine ambayo mtu huyatenda sebuleni kwake, mbele ya watoto wake, na hakuna ofisi inayopokea faini yake. Kosa langu lilikuwa la namna hii ya pili. Chanzo chake kilikuwa pampu ya petroli, na aliyeumia ni mdogo wake mume wangu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 la marehemu baba yangu. Huenda vijana wa leo hawalijui, lakini waliokuwa watu wazima katika miaka ya 70 hawahitaji kuelezwa. Lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya, na mwaka 1975 likashinda mashindano ya Safari likiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden. Baba, aliyekuwa bwana shamba, alilinunua likiwa tayari limetumika, naye akalitunza kama alivyotunza mbegu zake. Alikuwa na kaunta buku moja kubwa ambamo kila alipojaza petroli aliandika tarehe, lita, na kilomita zilizokwisha kutembewa. Humo humo aliandika kila spea iliyobadilishwa pamoja na namba yake. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka kwa siri.

Alipofariki mwaka 2017, kaka zangu walikuwa na magari yao ya kisasa, nami nikaomba nipewe lile. Nikapewa pamoja na kaunta buku. Gari nikaliegesha uani kwetu, Dar es Salaam; kaunta buku nikaliweka kabatini pamoja na picha zake, na kwa miaka kadhaa sikuandika humo hata mstari mmoja.

Mwezi Desemba 2021 tulisafiri kwenda Iringa kumwona mama. Tulikuwa watano: mume wangu, watoto wetu wawili, mimi, na shemeji yangu, kijana wa miaka 20 aliyekuwa amemaliza kidato cha nne kwao Kilosa na kuja kwetu kutafuta kazi. Yeye aliniita shemeji, na watoto wakamwita baba mdogo. Tulipoanza kuupanda mlima Kitonga mchana wa jua kali, gari lilikohoa, likapungukiwa nguvu, kisha likazimika kabisa huku malori yakitulia honi nyuma yetu. Kabla sijajua la kufanya, shemeji alikuwa amekwisha ruka nje na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Tulisubiri karibu nusu saa, gari likawaka, tukapanda. Mbele kidogo likazimika tena, na mawe yakawekwa tena.

Tuliporudi Dar es Salaam niliapa kwamba halitanifedhehesha mara nyingine. Fundi wa kwanza niliyemwendea alisikiliza maelezo yangu kwa dakika mbili, akasema pampu imechoka. Sikumwuliza amejuaje. Nilikwenda duka la spea, na muuzaji akanionyesha pampu ya umeme, akasema, "Hii, mama, inasukuma mara mbili ya ile ya zamani." Nililichukua neno hilo kuwa sifa. Nikainunua. Fundi akaifunga nyuma karibu na tangi, akaiondoa ile ya zamani iliyokuwa ubavuni mwa injini na kuliziba tundu lake kwa kibati. Akaweka chujio jipya. Na ili gari lipate nguvu zaidi milimani, akabadili pia jeti ya kabureta, yaani kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambamo petroli hupita kabla ya kuchanganyika na hewa. Jeti mpya ilikuwa na tundu pana zaidi. Vitu vitatu vilibadilishwa siku moja, nami nikalipa kwa furaha.

Kwa siku za kwanza nilijisifu. Asubuhi gari liliwaka haraka kuliko lilivyopata kuwaka. Lakini haukupita mwezi dalili zikaanza. Moshi mweusi ulitoka nyuma kila nilipoondoka kwenye taa za barabarani. Nikilizima gari likiwa la moto na kutaka kuliwasha baada ya dakika kumi, lilikataa mpaka nikanyage mafuta hadi mwisho. Likisimama foleni, injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Zaidi ya yote, petroli ilikuwa ikiisha kwa namna ambayo sikuweza kuielewa. Kiasi kilichonitosha wiki nzima hapo awali sasa hakikufika Alhamisi.

Nilitafuta sababu kila mahali isipokuwa kwenye vitu nilivyovibadili, kwa kuwa hivyo vilikuwa vipya, nami niliamini kwamba kitu kipya hakiwezi kuwa na hatia. Kwanza nilidhani petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huo si jambo la kubuni. Ndio uliosababisha EWURA mwaka 2010 ianzishe utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Nikahama kituo kimoja cha petroli hadi kingine, hali ikawa ileile. Nikabadili plagi, na baada ya wiki mbili zikawa nyeusi tena kama makaa. Nikabadili koili. Kila nilipolipa nilizidi kuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ikitafuta mtu.

Mwezi Mei 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na mwezi Juni serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali. Kila nyumba yenye gari ilikuwa ikihesabu. Katika kuhesabu kwangu nilikumbuka kwamba ufunguo wa akiba wa gari hukaa kwa shemeji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilisafisha kila asubuhi. Nilikumbuka kwamba hana kazi, lakini siku hizi ana viatu vipya. Nilimwambia mume wangu usiku, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakunijibu. Alinigeuzia mgongo akalala.

Jumamosi moja ya mwezi huohuo nilikwenda nyuma ya banda la kuku kutafuta ndoo. Nilikuta dumu la lita tano lililokatwa ubavuni likawa kama karai. Ndani yake mlikuwa na petroli, haizidi robo kikombe, nalo lilikuwa likinuka lote. Nililibeba mpaka sebuleni, ambamo shemeji alikuwa amekaa na watoto na jirani mmoja aliyekuja kututembelea. Nililiweka chini mbele yake nikauliza hii ni nini.

Akasema, "Shemeji, nilikuambia gari linanuka petroli. Nililitega chini ya injini usiku ili nione inavuja wapi, na isiharibu saruji."

Ni kweli alikuwa ameniambia, tena mara mbili, nami sikumsikiliza. Siku ile vilevile sikumsikiliza. Nilisema maneno ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti hili. Nilimwita mwizi. Nilimuuliza tangu lini petroli ikatoka yenyewe tangini na kuingia katika dumu. Jirani aliaga akaondoka. Mtoto wangu mdogo alikwenda kusimama kando ya baba yake mdogo akamshika mkono, na hilo nalo lilinikasirisha. Asubuhi ya Jumapili kijana alikunja nguo zake, akauweka ufunguo wa akiba juu ya meza, akapanda basi la kwenda kwao.

Mume wangu hakugombana nami. Afadhali angegombana. Alisema jambo moja tu, kwamba mdogo wake hakuwahi kuchukua hata sukari bila kuomba, kisha akanyamaza kwa siku nyingi. Na petroli iliendelea kuisha vilevile. Mtu mwenye akili zake angejiuliza swali hapo hapo. Mimi nilijiambia kwamba labda alikwisha haribu kitu fulani kabla ya kuondoka.

Mwishoni mwa Juni ofisi ilinituma Morogoro kwa kazi ya siku tatu, nami nikaenda na gari lile kwa kuwa sikuwa na jingine. Hapo mjini anaishi fundi mmoja mzee aliyekuwa akimtengenezea baba tangu mimi sijazaliwa. Sikwenda kwake kwa kutaka ushauri. Nilikwenda kumsalimu tu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye bomba la moshi.

"Mwanangu," akasema, "gari la mzee linakunywa siku hizi."

Nikamweleza yote, isipokuwa habari ya shemeji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ugonjwa ulianza lini. Nikasema ulianza Januari. Akauliza ni nini kilichobadilishwa Januari, nami nikavitaja vile vitu vitatu. Akatikisa kichwa. Akasema kwamba mtu akinywa dawa tatu siku moja, akipona hajui iliyomponya, na akizidiwa hajui iliyomdhuru. Ndipo akaniuliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Petroli hupungua gari likiwa limelala, au likiwa linatembea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfukuza mtu nyumbani kwa kosa ambalo, kama lingalikuwa la kweli, lingetendeka gari likiwa limelala. Na sikuwahi kutazama hata usiku mmoja.

Mzee alinituma kituoni nikajaze tangi mpaka shingoni, kisha nikaliegesha gari uani kwake. Asubuhi tukarudi kituo kilekile na kujaza tena mpaka shingoni. Ilichoingia hakikuweza kujaza glasi. Kisha tukaenda njia ya Dodoma na kurudi, kilomita 60 kwa mita ya gari, tukajaza tena. Safari hii ziliingia lita 10. Kwa hiyo gari lilikuwa likitembea kilomita 6 tu kwa lita moja. Katika kaunta buku la baba, kama nilivyokuja kuona baadaye, lilikuwa likitembea karibu kilomita 10, mwaka baada ya mwaka. Mwizi alikuwa akiiba barabarani, mchana kweupe, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika usukani.

Baada ya hapo alifungua boneti. Nitaeleza alivyofanya kwa utaratibu wake, maana huenda ukamfaa msomaji mwenye gari la namna hii. Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akanipa nami nikinuse. Kilinuka petroli, na oili ilikuwa juu kuliko alama. Akaeleza kwamba petroli inapozidi katika mitungi ya injini, isiyoungua hushuka pembeni ya pistoni, huosha oili iliyokuwa ikilainisha, kisha huingia katika oili ya chini na kuifanya nyepesi. Injini inayoendeshwa hivyo kwa muda mrefu husagika yenyewe. Pili alifungua plagi: zote nne zilikuwa na masizi meusi makavu. Kama moja tu ingekuwa nyeusi, alisema, angeishuku plagi yenyewe au waya wake. Lakini zikiwa nyeusi zote, lawama inakwenda kwenye kitu kinachozilisha zote, nacho ni kabureta na kilicho nyuma yake.

Tatu aliondoa kifuniko cha chujio la hewa, akawasha injini bila kukanyaga mafuta, akamulika tochi katika koo la kabureta. Gari linapounguruma polepole namna ile, mrija mkubwa wa katikati haupasi kutoa kitu. Niliona kwa macho yangu matone ya petroli yakitoka na kuanguka moja baada ya jingine, kama bomba la maji lisilofungika vizuri.

Nne alifanya jambo dogo lililokuwa hukumu yenyewe. Alichomoa waya wa umeme wa ile pampu mpya huku injini ikiendelea kuunguruma. Nilidhani gari litazima papo hapo. Kinyume chake, baada ya sekunde chache matone yakakatika, mtetemeko ukatulia, na kwa muda mfupi injini ikanguruma kwa ile sauti niliyoizoea utotoni, baba anapotuwahisha shule. Kisha petroli iliyokuwa imebaki katika bakuli la kabureta ikaisha, na injini ikazimika.

Mzee akanieleza maana yake kwa mfano wa nyumbani. Ndani ya bakuli la kabureta mna boya, kama lile la tangi la choo. Petroli ikijaa, boya huinuka na kusukuma sindano ndogo inayoziba tundu la kuingilia. Ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Lakini boya lina nguvu ndogo. Pampu ya zamani inayosukumwa na injini yenyewe hutoa msukumo wa pauni 3 au 4 tu kwa inchi ya mraba, na boya huweza kushindana nao. Upepo wa tairi, kwa kulinganisha, ni pauni 30 hivi. Alifunga geji kwenye mpira wa pampu yangu mpya, nayo ikasoma pauni 7. Boya lilikuwa likisukuma sindano kwa nguvu zake zote, na petroli ikipenya kwa nguvu zaidi. Muuzaji hakunidanganya: pampu ilisukuma mara mbili ya ile ya zamani, na huo ndio uliokuwa ugonjwa.

Jeti nayo ilikuwa imeongeza madhara. Injini ya petroli huhitaji hewa karibu mara 15 ya uzito wa petroli ili iungue vizuri. Namba iliyogongwa juu ya jeti huonyesha upana wa tundu lake, na mzee alipoifungua na kuisoma, ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoikumbuka. Nilimpigia simu mume wangu akatazame katika kaunta buku. Baba alikuwa ameandika namba ya jeti kwa wino wa bluu, na kumbukumbu ya mzee haikukosea hata tarakimu moja.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akasema bado, kwa sababu hatujajua gari lilizimika kwa nini kule Kitonga, kabla ya mabadiliko yote hayo. Alilala chini ya injini na tochi yake, akafuata njia ya petroli kwa kidole kutoka kwenye bomba la chuma mpaka kwenye kabureta. Penye maungio alikunja mpira mmoja mweusi mfupi, nao ukafunua ufa mwembamba kama unywele. Akaniita niushike. Vidole vyangu vikalowa petroli.

Ndugu msomaji, ufa ule ndio uliokuwa kisa chote. Pampu ya zamani ilikuwa mbele, ikivuta petroli kutoka nyuma. Kitu kinachovuta kikiwa na ufa hakivuji, hunyonya hewa. Gari likipanda mlima na kuhitaji petroli nyingi, pampu ilivuta hewa badala ya petroli, injini ikafa njaa. Pampu mpya ilifungwa nyuma, nayo husukuma. Ufa uleule ambao zamani ulinyonya hewa, sasa ulitema petroli, matone machache baada ya kila safari, juu ya injini ya moto, umbali usiofika mkono mmoja kutoka kwenye bomba la moshi. Shemeji yangu alikuwa ameiona dalili hiyo kabla ya mafundi wote. Alitega dumu kwa akili ileile ambayo mzee alitumia kuniambia nilaze gari. Mimi nikalichukua dumu lile kuwa ushahidi wa wizi, nikaendelea kuwapakia watoto katika gari lililokuwa likisubiri cheche.

Matengenezo yalikuwa madogo kuliko aibu yangu. Mzee aliiweka kiwambo kipya pampu ya zamani, ambayo nilishukuru kwamba sikuitupa, akairudisha mahali pake. Alirudisha jeti yenye namba ya baba, akabadili sindano ya kabureta, oili na mipira yote ya petroli. Gharama yote haikufika bei ya pampu mpya. Alinitahadharisha kwamba pampu ya umeme si kitu kibaya kwa yule anayeihitaji, ila sharti iwe ya msukumo unaolingana na kabureta au iwekewe kipunguza msukumo, na iwe na swichi inayoikata injini inapozimika. Bila swichi hiyo, gari likipata ajali ufunguo ukiwa wazi, pampu huendelea kumwaga petroli.

Wenye magari ya kisasa wasidhani kwamba hadithi hii haiwahusu. Magari hayo hayana kabureta. Yana nozeli zinazoamriwa na kompyuta, na msukumo wake hufika pauni 40 au zaidi. Mtu akifunga nozeli kubwa bila kuiarifu kompyuta, kompyuta huendelea kuzifungua kwa muda uleule uliopigiwa hesabu ya nozeli ndogo, na petroli huzidi. Kihisi cha oksijeni kilicho kwenye bomba la moshi hujaribu kusahihisha, lakini kina kikomo. Moshi mweusi, harufu, na safari nyingi za kituo cha petroli ni zilezile.

Nilimweleza mume wangu jioni ileile kwa simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Utakwenda lini Kilosa?"

Tulikwenda pamoja mwanzoni mwa Julai. Mama mkwe alitupokea vizuri, akatandika mkeka. Nikakaa chini, nikasema yote bila kupunguza, mbele yake na mbele ya shemeji, kwa kuwa nilimtukana mbele za watu na haikufaa kumwomba radhi faraghani. Mama mkwe alinisikiliza. Kisha akasema kwa upole kwamba neno nililolisema Dar es Salaam lilifika Kilosa kabla ya basi. Mwenye duka mmoja alikuwa amekubali kumwajiri kijana wake, lakini aliposikia sababu ya kurudi kwake, alibadili nia.

Tulikwenda kwa mwenye duka siku hiyohiyo, nikasimama mbele ya kaunta yake nikamweleza habari ya pampu, ya ufa na ya dumu. Alinielewa, hata akaniuliza maswali juu ya pikipiki yake. Lakini nafasi ilikuwa imekwisha chukuliwa na mtu mwingine. Hilo sikuweza kulirekebisha kwa spea wala kwa maneno.

Shemeji mwenyewe hakusema mengi. Alipotusindikiza kwenye gari aliuliza, "Ule mpira mliubadili?" Nikasema tuliubadili. Akainama akatazama chini ya injini, akapitisha kiganja juu ya mchanga, akakinusa. Kisha akasema amenisamehe. Hakurudi kuishi kwetu. Alipata shughuli kwao mwaka uliofuata, na hufika Dar es Salaam mara mojamoja. Watoto humkimbilia. Mimi naye tunasalimiana vizuri, lakini ufunguo wa akiba nilipompa tena aliukataa kwa heshima, na hata sasa unaning'inia ukutani.

Sasa ninaandika katika kaunta buku la baba. Kila nijazapo naandika tarehe, lita na kilomita, chini ya mwandiko wake. Nikibadili spea, naandika jina lake na namba ya ile iliyotoka. Wala sibadili kitu cha pili kabla sijajua cha kwanza kimefanya nini. Gari limerudi kwenye kilomita zake 10 kwa lita, na Kitonga tumepanda mara mbili bila kuhitaji mawe.

Najua kwamba nyumba nyingi zina mtu kama shemeji yangu: mpwa, mdogo wa mke, mtumishi, kijana wa jirani, mtu asiye na kazi na mwenye ufunguo. Kitu kinapopungua, macho yote humwendea. Yawezekana ndiye, na yawezekana siye. Kwa upande wa petroli angalau, kujua ni jambo la usiku mmoja. Jaza tangi mpaka shingoni jioni, funga gari, lala, na asubuhi lijaze tena kabla hujamtaja mtu.